Aliyeuawa na Mmoja Asiuawe na Mia

“Aliyeuawa na mmoja asiuawe na mia.”

Maneno hayo Mkunde aliambiwa mlangoni mwa nyumba yenye msiba, hata viatu hajavua. Alikuwa amekuja na wenzake wawili kumpa pole mama wa kijana waliyesoma naye darasa moja, kijana aliyeuawa wiki ile. Mwanamke aliyekaa kizingitini alimshika mkono, akamwuliza anakwenda kusema nini huko ndani. Mkunde akajibu kwa adabu zake zote: “Nakwenda kumpa pole mama, na kumwuliza ilikuwaje.” Ndipo alipoambiwa hayo, kisha akaelekezwa apite uani kwanza, akawasaidie wanaochambua mchele.

Uani alikuwako Bi. Somoe, bibi mwenye ulimi mkali na mikono isiyojua kupumzika. Akawatazama wale vijana watatu wanavyokuja wameinamisha vichwa.

“Mmefukuzwa?”

“Hatukufukuzwa, bibi,” alisema Mkunde. “Tumeambiwa methali tu. Ila hatukuielewa. Mtu anauawaje na mia, naye keshakufa?”

“Methali tu! Haya, kaeni. Shikeni ungo. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake, na atakayeacha mawe kwenye mchele atayala mwenyewe. Methali hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka kinywani mwa mtu, na mamangu alikuwemo chumbani ilipotoka. Mwanzo wake ni huu.”

Enzi hizo mkonge ulikuwa mkonge, na njia ya kwenda Korogwe kulikuwa na shamba usiloweza kuliona mwisho wake. Wafanyakazi waliishi makambini, na kambi tunayoisema iliitwa Kambi Tatu. Walikuwapo Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, na wenyeji Wazigua na Wasambaa. Ukipiga chafya pale, unaombewa afya kwa lugha kumi.

Aliishi hapo mjane mmoja, Mwajabu, na mwanawe wa pekee aliyeitwa Mbwana. Mbwana alikuwa mkataji wa mkonge, miaka ishirini na miwili, mrefu, mcheshi, hatulii. Hakuwahi kupigwa picha. Picha wakati huo ilikuwa mpaka uende Tanga mjini, na Mbwana kila mwaka alisema mwaka huu nakwenda.

Jioni moja Mwajabu alimtuma dukani mafuta ya taa. Akirudi, chupa mkononi, Mbwana alipita karibu na kilabu cha pombe akakuta watu wawili wanapigana. Akaiweka chupa kando ya njia, akaingia kati kuwaamua. Mmoja wao alikuwa na kisu cha kukatia mkonge. Ndiyo basi. Aliyefanya alikamatwa palepale akapelekwa polisi. Huyo tumwache hukohuko, maana habari yetu ni ya mama.

Sasa nisiwasengenye watu wa Kambi Tatu. Walikuwa wema. Kuni zililetwa, maji yalichotwa, mikeka ilitandikwa, na Mwajabu hakulala peke yake hata usiku mmoja. Lakini kulikuwa na ada yao moja. Ukifika msibani, unamshika mfiwa mkono, unampa makiwa, unakaa, halafu unauliza, “Ilikuwaje, mwenzangu?” Usipouliza, watu watasema huna uchungu, umefuata wali. Na wa kujibu ni mfiwa mwenyewe, si mtu mwingine.

Ada hiyo haikuwa mbaya. Mtu akifiwa na mzazi mgonjwa, kila akieleza homa ilivyoanza, dawa alizomeza, shahada aliyoitamka mwishoni, kifua kinakuwa chepesi. Akifika mara ya ishirini, keshakubali. Kosa lao ni kwamba hakuna aliyekaa akafikiri kuwa kifo cha kisu si kifo cha homa.

Basi siku ya kwanza Mwajabu aliulizwa. Akajibu: “Nilimtuma mafuta ya taa.” Akaeleza yote mpaka mwisho, wanawake wakiitikia, “Masikini! Jamani!” Akaingia mwingine, akakaa, akauliza. “Nilimtuma mafuta ya taa.” Akaingia mwingine. Wapo waliouliza kwa nini hakungoja asubuhi. Wapo waliosema wao wamesikia alichomwa mara mbili, si mara moja, hebu eleza vizuri. Na yeye anaeleza, maana ndiyo adabu, watu wametoka mbali. Kila akieleza, anaanzia palepale: kwamba yeye, kwa kinywa chake, ndiye aliyemtoa mwanawe nyumbani.

Siku ya pili, adhuhuri, aliinuka kwenda kutawadha. Akainamia maji, akataka kuiona sura ya mwanawe. Haikuja. Ilikuja damu, ikaja ile chupa imesimama kando ya njia, haikumwagika hata tone. Akaitafuta sura ya Mbwana alipokuwa mtoto. Ikaja damu. Akaitafuta sauti yake, akasikia ukelele wa yule aliyekuja mbio kumwita. Mwajabu akashika ukuta. Aliogopa kuliko alivyoogopa walipomletea maiti. Mwili nimewapa wameuzika, alijiambia, sasa na sura nayo inaniponyoka, na picha sina. Hakumwambia mtu. Alirudi mkekani, akaingia mgeni mwingine, akaulizwa.

Siku ya tatu ndiyo ya kuanua matanga. Akatokea mwanamke wa Kambi Nne, mtu mzima mwenye heshima zake, kanga mpya, jasho linamtoka kwa mwendo. Akashika mkono, akatoa makiwa, akakaa.

“Ilikuwaje, mwenzangu? Maana kule kwetu tumesikia ni mambo ya mwanamke.”

“Nilimtuma mafuta ya taa,” alianza Mwajabu, na maneno yakawa yanatoka yenyewe, kama mtoto anayekariri asichokielewa. Akafika kwenye chupa. Akafika kwenye kilabu. Alipofika penye kisu, akanyamaza.

“Endelea, mwenzangu,” yule mwanamke akambembeleza. “Sema utapoa.”

Mwajabu akasimama.

“Mwanangu aliuawa na mtu mmoja!” alisema, na sauti yake ikasikika mpaka barazani kwa wanaume. “Mmoja tu! Mbona nyinyi mnamuua mia? Kila anayeingia hapa ananishikisha kisu, ananiambia mchome tena nione! Tokeni! Tokeni mniachie mwanangu!”

Mwe! Kumfukuza mtu msibani! Nyinyi watoto wa leo hamjui uzito wa jambo hilo. Ukiwafukuza waliokuja kulia nawe, siku yako utazikwa na nani? Yule mwanamke wa Kambi Nne aliinuka akakaza kanga. “Maili tatu nimetembea kwa miguu,” alisema, “kuja kufukuzwa kama kuku?” Wengine nao wakaanza kutafuta ndara zao. Wengine wakanong’ona kuwa msiba umempanda kichwani, heri aachwe. Mwajabu aliwaona wanavyoinuka, na hakuwa na nguvu ya kuwaomba radhi wala ya kuwaambia kilichomtisha. Alijua tu kwamba wakitoka wote, atabaki chumbani na ile damu.

Pembeni alikuwa amekaa Kalunde, Mnyamwezi aliyekuwa akiwauzia wakataji uji asubuhi. Siku zote tatu alikuwa pale, anaosha vyombo, anakaa, hajauliza neno. Walishamsema kwa hilo. Sasa alikwenda akasimama mlangoni.

“Kaeni,” alisema. “Tafadhalini, kaeni.”

Wakasita.

“Kaka yangu aliuawa kwetu Urambo. Huu mwaka wa tisa. Nimeishi nanyi miaka sita na hakuna anayejua, kwa sababu nilijua nikisema tu mtaniuliza ilikuwaje.” “Nyinyi hamna ubaya. Hata kule kwetu hawakuwa na ubaya. Lakini mpaka leo namkumbuka kaka yangu kwa siku moja tu, na aliishi miaka thelathini.”

Kisha akamgeukia yule wa Kambi Nne. “Dada, umetoka mbali, una haki ya kujua. Twende nje nikueleze mimi, neno kwa neno. Na habari ya mwanamke haimo. Ila huyu tumpumzishe.”

Wakatoka. Hawakukaa sana. Kalunde aliporudi alikwenda akakaa mbele ya Mwajabu, magoti kwa magoti, na bado hakuuliza kitu.

“Mwanao alikuwa akiniaibisha mbele ya wateja,” alisema.

Mwajabu akainua kichwa.

“Kila asubuhi anakuja mbio, anachukua bakuli la uji linafuka moshi. Namwambia, Mbwana, subiri. Wapi! Anatutumua mashavu, anapuliza mara moja, moja tu, anapiga funda. Anaungua. Halafu anawageukia wenzake wote waliojipanga: ‘Jamani, leo Mama Kalunde kapika uji wa moto!’ Kila siku ya Mungu, mwenzangu. Kana kwamba kuna siku niliuza uji wa baridi.”

Mwajabu aliyaona mashavu. Mashavu tu kwanza, yametutumka. Kisha akaona macho juu yake, yanatoka machozi ya kuungua na huku yanacheka. Kisha uso wote ukaja, uso wa Mbwana, mzima, hauna doa.

“Haraka,” alisema taratibu. “Haraka yake hiyo. Nilimzaa njiani natoka kisimani, hakuningoja nifike nyumbani.”

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Mwajabu naye akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia vile ambavyo hakuwa amelia tangu siku ile, maana sasa alikuwa akimlilia mwanawe. Wanawake wakamshika. Jirani akasimulia Mbwana alivyomtengenezea mlango ukawa unafungukia upande usio wake, na bado unafungukia hukohuko. Mwingine akasema, mamangu alipougua, Mbwana ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Nje shehe akakohoa, kile kikohozi cha kukemea, maana wapi na wapi matanga na vicheko. Alikohoa mpaka akachoka mwenyewe.

Yule mwanamke wa Kambi Nne alikuwa amerudi, amekaa karibu na mlango. “Mimi sikumjua,” alisema. “Na mimi nisimulieni.”

Matanga yalianuliwa siku hiyo, lakini Kalunde aliwaambia wenzake kuwa kwa aliyeuliwa mtu wake, siku tatu hazitoshi hata kuvuta pumzi. Wakapangana. Mwaka mzima, kila Ijumaa alasiri, mmoja wao alikwenda kwa Mwajabu na kazi yake ya mkono, akakaa. Mwajabu akitaka kusema, anasikilizwa. Akitaka kunyamaza, wananyamaza pamoja. Kesi ilipoanza kusikilizwa, wawili walikwenda naye mpaka mahakamani. Huko hakimu alimwuliza ilikuwaje, na Mwajabu akaeleza mara moja, mwanzo hadi mwisho, sauti imesimama. Pale ndipo mahali pa swali lile.

Miaka ikapita. Likatokea jingine, binti wa kambi aliyeuawa na mumewe. Kabla hata mikeka haijatandikwa, Mwajabu alikuwa keshafika nyumbani kwa wafiwa, amekaa kizingitini. Kila aliyekuja na swali lake alimchukua kando akamweleza yeye, kisha akamwambia yale maneno yake ya mmoja na mia, ambayo kambi nzima ilikuwa imekwisha kuyafanya methali, na akamruhusu aingie. Magharibi sauti ilikuwa imemkauka. Kalunde akamwuliza, “Hujitoneshi kidonda, mwenzangu?”

“Kinatoneka,” alisema Mwajabu. “Lakini mwenye mwanawe leo hajasema hata mara moja.”

Bi. Somoe akaunyakua ungo mikononi mwa Mkunde, akautazama, akaguna. “Mawe matatu. Nilijua. Haya, huyo marehemu ulisoma naye, siyo? Unakumbuka nini chake?”

Mkunde alifikiri. “Alikuwa hajui kuimba, bibi. Hajui kabisa. Na mwalimu akimwambia nyamaza, ndiyo anazidi.”

“Mama yake analijua hilo?”

“Sidhani. Labda nyumbani alikuwa anaona haya.”

“Basi una kitu cha mwanawe ambacho yeye hana. Umekaa nacho hapa uani unafanya nini? Mpelekee.”

Mkunde akanawa mikono, akazunguka mbele. Yule mwanamke wa mlangoni alimwuliza tena anakwenda kusema nini, akamnong’oneza, naye akasogeza magoti kumpisha. Uani hata mchele waliuacha kidogo, wakawa wanasikiliza. Kisha ndani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ikasikika sauti ya mama mwenyewe ikiuliza, “Alikuwa anaimba wimbo gani?”

Bi. Somoe akajifuta macho kwa ncha ya kanga, wala hakujificha.

“Mmesikia wenyewe,” aliwaambia wawili waliobaki. “Aliyeuawa na mmoja asiuawe na mia.”