Mtamba, Makopo Matano na Mstari Mmoja

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana kompyuta zilishakuwapo na paka walishanona, palikuwa na kiwanda cha maziwa huko milimani, upande wa Tukuyu. Mnanisikia? Basi sogeeni.

Kiwanda kilikuwa na kompyuta moja, na kompyuta ilikuwa na vifaa vitatu: printa, kadi ya mtandao na kipimo cha maziwa. Vyote vitatu viliiita kompyuta kwa waya mmoja. Tangi likijaa, kipimo kinavuta waya ili kompyuta ifunge bomba. Kompyuta inashtuka, inauliza: "Printa, ni wewe?" Si mimi. "Mtandao, ni wewe?" Si mimi. "Kipimo, ni wewe?" Ni mimi, tangi limejaa! Looo! Maziwa yameshamwagika sakafuni, na paka wa wilaya nzima wamepanga foleni, wakubwa mbele, wadogo nyuma.

Mwenyekiti wa kiwanda, Bwana Anyitike, akateleza mara tatu katika wiki moja. Mara ya tatu akaapa akiwa bado chini: "Atakayekomesha mafuriko haya, mtamba wangu mwenye madoa ni wake!"

Sekela, fundi wa programu pale, aliposikia neno mtamba moyo ulimruka. Ng'ombe wa mama yake alikuwa amekufa, naye ndiye pekee waliyekuwa naye. Hata hivyo mama aliamka kila asubuhi akakata majani, akayajaza bandani, akakaa kuyatazama yakinyauka. Sekela alimwona, akaumia.

Sasa, jikoni mwa kiwanda alikuwapo Mama Tumpe, mpika chai, mwanamke asiyetaka mchezo. Ofisi tano zilimwita kwa kengele moja. Kengele ikilia, anabeba sinia mlango hadi mlango: "Ni wewe uliyeita?" Akifika wa tano chai imepoa, na lawama zote zake. Siku moja akaikata kamba ya kengele kwa kisu cha vitunguu. Akatundika makopo matano ukutani, kila ofisi na kopo lake.

"Mwenye kiu aandike, atumbukize koponi mwake," akasema. "Nimechoka kuitwa ovyo!"

Sekela alikuwa pale anakunywa chai. Akayatazama makopo, akakisahau kikombe. "Mama Tumpe, umeniponya!"

"Nimekuponya nini, mwanangu? Mimi nimechoka tu."

Kumbe kipimo kile kiliundwa kikiwa na uwezo huo huo! Badala ya kuvuta waya wa wote, kingeweza kuandika ujumbe mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta, na kiini cha mfumo, msimamizi wa programu zote, kikajua papo hapo nani kaita. Ila draiva, ile programu inayokisemea kipimo mbele ya kiini, haikuwahi kufundishwa. Sekela akaifundisha. Akaandika, akafuta, akaandika tena, siku kumi na moja, mistari mia tatu. Akawasha.

Kimya. Kipimo hakivuti waya, hakileti ujumbe. Maziwa yakafurika kuliko siku zote, na paka wakaita ndugu zao wa wilaya ya jirani. Sekela akakaa kwenye ngazi, akalia kwa hasira.

Akapita mwenzake wa kazi, Lusubilo, mtu wa kunakili. Huyu hata barua ya uchumba aliinakili kutoka kwa kaka yake, jina la ndani likabaki la shemeji. Akafungua draiva ya kadi ya mtandao, akaona ina mstari ambao ya kipimo haina. Akaunakili, akaubandika, akawasha. Tangi likajaa, ujumbe ukafika, bomba likajifunga. Hakuna tone! Paka wakatazamana. Mstari ule ndio uliokipa kipimo ruhusa ya kuandika chenyewe kwenye kumbukumbu, na bila huo kila ujumbe ulifia njiani.

"Ulijuaje?" Sekela akauliza.

"Sikujua, dada. Niliona mwenzake anao, nikasema na huyu apewe."

Mtamba akaletwa uani akivutwa kwa kamba. Sekela akaishika kamba. "Mistari mia tatu ni yangu, na jasho ni langu. Mtamba ni wangu."

Mama Tumpe akaishika kamba. "Miaka miwili umeisikia kengele yangu, hukuwaza kitu. Bila makopo yangu ungeandika nini? Mtamba ni wangu."

Lusubilo akaishika kamba. "Mistari mia tatu ilimwaga maziwa. Mmoja umeyazuia. Mtamba ni wangu."

"Tumgawe?" Mwenyekiti akauliza. Mtamba akampiga teke.

Mwenyekiti akachechemea mpaka kwa Sekela. "Sema kweli. Bila makopo, ungeiona njia?"

"La," akasema Sekela.

"Bila ule mstari mmoja, kazi yako ingefanya kazi?"

Sekela akasema tena: "La."

"Na bila mistari yake mia tatu, nyinyi wawili mngefika?" Mama Tumpe akatazama sinia lake. Lusubilo akatazama viatu.

"Basi Sekela ndiye mkweli, na mashine anaijua. Aamue yeye. Mimi nina kikao!" Mwenyekiti akaondoka mbio, mguu wa teke ukiwa umepona ghafla.

Wale wawili wakaiachia kamba, wakasubiri. Sekela akabaki nayo peke yake. Anamtaka mtamba huyu kwa ajili ya mama yake, na mbele yake wamesimama watu aliokwisha kukiri hadharani kwamba bila wao asingefika.

Haya, nyinyi mnaocheka, msinikimbie kama Mwenyekiti. Kamba hiyo Sekela aende nayo kwa mama yake, au aitoe? Na akiitoa, ampe nani?