Fisi na Sinia Lisilo na Nakshi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na sinia."

"Lina nini?"

"Lina uongo mtupu."

"Lete hivyohivyo, tuna njaa!"

Basi hapo kale Bi Nguchiro alikuwa na sinia la shaba. Lilikuwa la bibi yake, na kabla ya hapo la bibi wa bibi yake. Ukiligonga kwa kidole lililia ngiiiii, likachelewa kunyamaza. Halikuwa kama bati, ambalo husema kwa! likaishia hapo. Uso wake wote ulijaa nakshi: maua ukingoni, na katikati tausi. Tausi huyo alikuwa na mguu mmoja, maana fundi aliyemchonga alisinzia. Kila binti wa nyumba ile alikula wali wake wa harusi juu ya tausi yule. Asiyekula hapo, ndoa yake ilihesabiwa bado.

Siku moja Fisi akawa na shughuli nyumbani kwake.

"Bi Nguchiro, niazime sinia. Kesho nalirudisha."

Akapewa. Kesho ikafika, sinia halikufika. Keshokutwa ikafika, sinia halikufika. Fisi akala nyama juu yake, hakuliosha. Akala mifupa, hakuliosha. Akala asichokijua jina, hakuliosha. Mafuta yakaganda, moshi ukakaa juu ya mafuta, sinia likawa jeusi kama chungu.

Ikakaribia harusi ya Mwanamkuu, binti wa Bi Nguchiro. Mama mtu akaenda kwa Fisi, tipu tipu tipu.

"Hodi, mjomba. Nimefuata sinia langu."

"Sinia gani?"

"Hilo ulilolikalia."

"Hili? Hili langu. Nimezaliwa nalo!"

Shauri likapelekwa kwa Jumbe Nungunungu, mkubwa wa mji.

"Bi Nguchiro, sinia lako lina alama gani?"

"Lina nakshi, Jumbe. Maua ukingoni, na katikati tausi wa mguu mmoja."

Jumbe akatazama. Akaona weusi.

Fisi akacheka, hu-hu-huiii! "Tausi? Hapa hata kuku hayupo! Jumbe, sikia kiapo changu: sinia langu halina nakshi. Mkiona ua, hata moja, na alichukue!"

"Basi lisafishwe, tuone."

"Atakayeligusa namtafuna," akasema Fisi. "Nitalisafisha mwenyewe." Akachota mchanga, akachukua na kumbi la nazi.

Bi Nguchiro akautazama ule mchanga. Nakshi za zamani si za kina, na mchanga huzila. Tausi angekwenda na maua yake yote. Lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Usijichoshe, mjomba. Labda nimekosea mimi. Niache nikuombe radhi kwa kitu kitamu."

"Kitamu kiasi gani?" Fisi akauangusha mchanga.

Bi Nguchiro akaenda mbio kwake, akarudi na ukwaju mzito uliovurugwa kwa asali. Akaumimina wote juu ya sinia, ukaenea mpaka ukingoni. Fisi akatoa ulimi.

"Bado, mjomba. Radhi kwanza."

Akamwomba radhi Fisi. Akamwomba radhi baba yake Fisi. Akamwomba radhi mama yake Fisi. Ukwaju ukakaa, ukala weusi kimyakimya. Udenda wa Fisi ukadondoka, to, to, to.

"Umemaliza?"

"Bado shangazi zako."

"Shangazi zangu wamekusamehe!"

"Na wajomba?"

"Wamekusamehe wote, mpaka waliokufa!"

"Haya, karibu."

Fisi akaramba, chwapu! Ua likatoka.

"Mh," akasema Jumbe.

Fisi hakusikia. Akaramba, chwapu chwapu! Maua yakatoka ukingo mzima.

"Mh," wakasema watu.

Akaramba katikati, chwapu chwapu chwapu! Kikatoka kichwa, ukatoka mkia, ukatoka mguu.

"Bwana Fisi," akasema Jumbe, "hebu ramba vizuri hapo, tuutafute mguu wa pili."

Fisi akaramba, akaramba sana. Mguu wa pili haukuwapo. Hapo ndipo akainua kichwa, akaona macho ya mji mzima.

Bi Nguchiro akalichukua sinia lake. Akaliosha kwa maji ya vuguvugu, akalikausha kwa kanga kuukuu, laini, maana shaba ikiachwa na maji huota madoa. Mwanamkuu akala wali wake juu ya tausi. Fisi naye alialikwa. Yeye alipakuliwa kwenye jani la mgomba.

Fundisho, watoto wangu, ni hili: ukiazima chombo cha mtu, usikioshe kabisa, wala usikirambe. Chombo kikitakata humkumbuka mwenyewe.

Hadithi imekwisha, sinia li tupu. Kama ilikuwa tamu, tumekula sote. Kama ilikuwa chachu, mlaumuni ukwaju.