Fundo la Somoe

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti kama hamjala? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeshiba. Hapo kale, bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na mchonga vinyago jina lake Nampoto, na mkewe Somoe. Somoe alikuwa na mashoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishwa, lakini kanga aliifunga kushoto, fundo chini ya kwapa. Kijiji kizima, ni yeye tu.

Siku moja Nampoto akaja na gogo la mpingo. "Mama, niazime kanga yako moja." Somoe akampa. Kwenda kuchungulia kibandani, akakuta gogo limevishwa kanga yake, limeanza kutoka kiuno, na mumewe analitazama kwa jicho ambalo yeye hajaliona tangu harusi. Roho ikamuuma.

Kanga ikasema, "Somoe, tazama fundo." Mnajua kanga, maneno yake ni machache.

"Nyamaza, nguo ya kuazimwa wewe." Akaenda zake.

Siku ya pili ugali ukapoa, kisamvu kikapoa, mume haonekani. Somoe akamfuata. "Huko unakula na nani?"

"Namalizia mikunjo, mama. Nakuja."

"Somoe, tazama fundo," ikasema kanga. Hakutazama.

"Kwa nini, bibi?"

Kwa sababu alikuwa anatazama kiuno cha mwenzake, na wivu umemkaa kooni. Msinikatize.

Siku ya tatu Nampoto akamrudishia kanga, akaenda mtoni kuoga. Somoe akajitupia kanga begani, akaenda mbio kibandani amwone huyo kiumbe akiwa uchi. Lahaula, kiumbe bado kavaa kanga, na mikunjo yake yote.

"Kumbe kamnunulia ya kwake," akasema, machozi yanamtoka. Akaivuta. Haivuliki. Vua!

"Vua!"

Haivuliki. Mkono wenye hasira hauna hisia, wala hakujua kwamba kanga anayoivuta ni mti. Akashika shoka, akapiga, akapiga, hata kichwa kikaanguka.

Kanga begani ikasema, "Somoe, tazama fundo."

Ndipo akatazama. Nguo ilikuwa mpingo ule ule, na fundo lilikuwa kushoto.

Akaokota kichwa. Shoka lilikuwa limepita usoni, hakuna kilichobaki cha kutambulika. Nampoto akarudi, taulo shingoni, akasimama mlangoni. Hakumgombeza. Akaanza kuokota vipande.

"Usoni ulinichongaje?" Somoe akauliza.

Nampoto akaokota kipande kingine. "Ulikuwa unacheka," akasema.

Kinyago kile kiliwekwa uani hivyo hivyo, hakina kichwa. Wapita njia wakiuliza ni nani, Somoe alijibu mwenyewe, "Ni mimi."

Basi wanangu, wivu ukikupanda, uliza kwanza. Shoka halikimbii. Ngano yangu naiacha hapo, mlangoni kwa Nampoto.