Jabiri Mchimba Visima na Jini wa Mto Uliofichwa

Zama za Sultani Nuamani bin Ghalibu, mtawala wa mji wa Kamaria wenye kuta za marumaru, mvua ilikatika miaka minne, na bustani za kasri zikawa vumbi, na ngamia wakafa malangoni, na watu wakawa wanalamba umande juu ya mawe.

Katika mji huo aliishi Jabiri, mchimba visima, na mkewe Ruzuna, na binti yao Thurea. Kila asubuhi Jabiri alichukua sururu yake akasema, "Mola hajafunga mlango wa riziki," na kila jioni alirudi mikono mitupu.

Siku moja Ruzuna, ambaye fungu lake la maji alikuwa akimpa binti yake, alimwambia, "Mume wangu, leo sina nguvu hata ya kuitikia amina."

Jabiri akaenda akilia. Akachimba mpaka sururu ikagonga jiwe jeusi, na juu ya jiwe pakatokea jini, macho yake kama makaa, akanena:

"Ewe mwanadamu, chini ya jiwe hili upo mto, nami ndiye mlinzi wake. Tamka mara moja tu kwamba Mola wako amekusahau, nami nitaufungua, uwe wako peke yako, na Sultani mwenyewe aje kukupigia magoti."

Jabiri akaikumbuka midomo ya Ruzuna iliyopasuka, na yale maneno yakamjia ulimini. Akaanguka kifudifudi, kisha akasema, "Nimemlilia miaka minne, na sijui kwa nini amenyamaza. Lakini pumzi hii sikupewa nawe. Siwezi kumsingizia."

"Basi kufa na kiu yako!" jini akanguruma, akatoweka.

Jabiri akaomba, asisikie jibu. Akaita, asisikie jibu. Mwisho akashika sururu, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, akasema, "Bismillahi," akapiga. Na jiwe likapasuka, na maji yakafoka yakamnyanyua hadi juu.

Akajaza kibuyu, akakimbia nyumbani. Akamkuta Thurea amepakata kichwa cha mamaye.

"Baba, amekata roho sasa hivi. Aliniambia anasikia maji yanapita, nikadhani anaweweseka."

Maji yale ya kwanza ndiyo aliyooshewa Ruzuna.

Mji ukanywa ukapona. Siku za msiba zilipopita, mwana wa Sultani akamwoa Thurea kwa harusi ya siku saba, na Jabiri akapewa kasri na mashamba. Na watu walipomsifu kwa subira yake, aliwajibu:

"Msinisifu. Nilimtumaini Mola huku nikilia, na wenye dhiki nawaambia watumaini hivyo hivyo, maana riziki ilikuja. Ila Ruzuna hakuionja, na hilo nitamuuliza Mola wangu siku nitakayosimama mbele Yake."

Hayo ndiyo yaliyompata Jabiri, na Mungu ndiye ajuaye zaidi.