Mpaka Ambao Haukufyekwa

Ndugu zangu, alikuwapo mfugaji mmoja mwenye ng'ombe tisa. Si tajiri, wala si maskini wa kulala njaa. Ng'ambo ya mpaka wa malisho aliishi bwana mkubwa mwenye mamia ya ng'ombe na wana kumi na wawili, kila mmoja na mkuki wake. Bwana huyo alikuwa amemwoa dada wa mfugaji wetu, dada wa pekee, aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Kwa hiyo wanaume hao wawili waliitana shemeji, na utani haukuwaishia.

Watu wa pale walikuwa na desturi nzuri. Kila mwaka, kabla majani hayajakauka, watu wa pande zote mbili walitoka na mapanga wakafyeka mpaka, upana wa hatua thelathini, ili moto wa kiangazi ukifika pale ukose cha kula. Wakikutana katikati walikunywa togwa kutoka kibuyu kimoja. Na moto ukiwaka upande mmoja, ng'ombe walivushwa upande wa pili, wakapokelewa mpaka majani yaote tena. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Kisha wafugaji wadogo wa upande wa mfugaji wetu, naye akiwamo, wakaingiwa na hofu. Mwenye mamia leo anakunywa togwa nasi, kesho je? Wakafunga umoja: atakayemgusa mmoja, ametugusa sote. Mimi siwalaumu, mnyonge naye ana haki ya kujilinda. Lakini bwana mkubwa alipoona maboma manane yamekuwa kama boma moja, naye hofu ikamshika. Akaongeza mikuki. Wao wakaongeza mishale. Yeye akaweka walinzi wa kupuliza baragumu usiku na mchana, kuwatisha tu. Kila upande ulisema, "Sisi tunajilinda." Na pande zote zilikuwa zinasema kweli! Hapo ndipo panaponisikitisha.

Msimu wa kufyeka ulipofika, mfugaji wetu alichukua panga lake akaenda mpakani peke yake. Hakumaliza hata hatua tatu. Mlinzi wa ng'ambo aliona mtu na panga, akapuliza baragumu, na watu wa umoja wakaja mbio na mishale. Bwana mkubwa akasimama upande wake, amekunja uso.

"Shemeji, umekuja kufyeka au kufyekwa?"

"Majani yamefika kiunoni, shemeji. Moto hauna undugu na mtu."

"Basi wenzako waweke mishale chini, niwalete wanangu tufyeke."

Mwenyekiti wa umoja akacheka kwa dharau. "Aanze yeye!"

Nani alianza? Hakuna. Walikubaliana jambo moja tu: asionekane mtu mpakani na panga, amani isije ikavunjika. Mfugaji alijua ni makosa. Alijua kabisa! Lakini aliogopa kuambiwa kwamba anamtetea mume wa dada yake, akanyamaza, akarudi nyumbani.

Kiangazi kikaingia. Mchana mmoja wa upepo, mrina asali wa mbali, asiyehusika na huku wala kule, aliacha kijinga cha moto porini upande wa bwana mkubwa. Baragumu likalia kuomba msaada. Lakini nani angelielewa? Mwaka mzima lilikuwa limelia vitisho. Watu wa umoja wakajipanga mpakani, pinde zimevutwa. Moshi ukatanda. Ndani ya moshi wakasikia kishindo cha kwato na sauti ya mtu anayepiga kelele.

"Wanakuja!" akasema mwenyekiti.

Mfugaji wetu akaachia mshale. Wa kwanza kabisa. Kelele ikakatika.

Ng'ombe wakatoka kwenye moshi, wanakohoa, hawana mchungaji. Mchungaji alikuwa amelala nyuma yao kwenye majani marefu, fimbo mkononi, na kanga yake mfugaji aliitambua kabla hajauona uso. Moto nao ukavuka mpaka, ukala malisho ya pande zote mbili.

Siku ya maziko shemeji yake hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana. Alimwambia hivi: "Nilimkataza kuja huku. Akaniambia, 'Nawapeleka kwa kaka yangu. Yeye atatupokea.'"

Ndugu zangu, tunasikia redioni juu ya mataifa yaliyofunga umoja na taifa kubwa linalokabiliana nao, silaha huku na silaha kule, na tunatikisa vichwa. Haya, tutikise. Lakini sisi je? Kati yako na ndugu yako majani yamefika wapi? Sisi hatugombani, hapana, tunajilinda tu. Simu yake hatupokei. Msibani kwake tunatuma salamu. Akiita tunauliza, "Leo anatafuta nini huyu?"

Mfugaji yule hakumchukia dada yake hata siku moja. Alimpenda, na mshale ulikuwa wake. Twendeni tukafyeke, ndugu zangu, leo hii, wakati bado tunaonana nyuso.