Mkanda wa Kijani wa Hizza

Soma hii polepole, kisha mpelekee yeyote anayedharau vyeo, na yeyote anayeleweshwa navyo.

Hizza alikuwa fundi pikipiki wa Korogwe, na kila jioni alicheza judo kwenye ukumbi wa Mwalimu Shembilu. Alikuwa na nguvu, tena hodari kweli. Lakini mkanda wa kijani ulimganda kiunoni. Mara mbili alifanya mtihani wa mkanda wa bluu, na mara mbili akarudishwa, huku wenzake aliowazidi nguvu wakipita.

Mtihani wa ukumbi ule ulikuwa na desturi yake. Baada ya kupambana na wakubwa, mtahiniwa alipewa mwanafunzi wa mkanda mweupe, ule wa wanaoanza, acheze naye kidogo. Hizza aliipenda sana sehemu hiyo. Alimnyanyua yule mwanafunzi na kumbwaga kabla hajavuta pumzi, kisha akamtazama Mwalimu kwa tabasamu.

Aliporudishwa mara ya pili, hasira zikampanda.

"Mkanda ni kitambaa tu, Mwalimu," akasema. "Kitambaa hakipigani."

"Kweli, hakipigani," Mwalimu akajibu. "Basi usikivae."

Hizza akaona ameshinda hoja. Jioni iliyofuata akaja amevaa mkanda mweupe, ule wa kijani kautupia mkobani. Kichekesho kikaanza. Mgeni mmoja kutoka Tanga alimshika bega, akaanza kumfundisha namna ya kuanguka, taratibu, kama mtoto anayefundishwa kutembea. Hizza akajikaza kiume, lakini roho ilimuuma.

Kisha akapangwa na Kaoneka, kinyozi wa pale stendi, aliyeanza judo wiki ile ile. Kaoneka alifurahi kumpata mwanagenzi mwenzake. Akamvamia bila woga, anacheka. Mwili wa Hizza ukajibu wenyewe kwa mazoea, kwa nguvu zote. Kinyozi akapaa, akaangukia mkono.

Haukuvunjika, ila kifundo kiliteguka na kuvimba. Hizza alitafuta kitu cha kuutundika ule mkono shingoni, akaupata mkobani mwake: mkanda wa kijani. Kaoneka akautazama.

"Huu wa nani?"

"Wangu."

"Ungeuvaa, kaka, nisingekurukia. Ningekuomba unifundishe."

Hizza akaufunga ule mkanda shingoni mwa Kaoneka. Aibu ilimshika, na ilimshika zaidi kesho yake alipokwenda kuomba radhi, akamkuta Kaoneka amekaa peke yake kibandani. Kinyozi wa mkono mmoja, nani atampa kichwa chake?

Mkanda wa kijani ukarudi kiunoni. Kaoneka alipopona, Hizza ndiye aliyemfundisha kuanguka, kisha kushika, kisha kubwaga. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila alipouona mkono ule, Hizza aliikumbuka siku ile.

Mtihani ukafika tena. Hizza akapambana na wakubwa, akamaliza. Wa mkanda mweupe aliyeletwa mbele yake alikuwa Kaoneka. Safari hii Hizza hakuwa na haraka. Alilegeza mikono, akampa nafasi. Kaoneka akaingia vizuri, kama alivyofundishwa, na fundi pikipiki akalala chali mbele ya ukumbi mzima.

Watu wakaangua kicheko. Hizza akajua amefeli mara ya tatu. Ajabu ni kwamba moyo wake ulikuwa mweupe. Alikaa pale pale chini akimpigia Kaoneka makofi.

Mwalimu Shembilu akainuka na mkanda wa bluu mkononi.

"Mkanda mweupe huletwa mwisho, nione kama mtu ana macho," akasema. "Mara mbili ulinitazama mimi. Leo umemtazama yeye."

Kisha akampa Kaoneka ule mkanda, naye akamfunga Hizza kiunoni, kwa mkono ule ule ulioteguka.

Funzo: Cheo si pambo la anayekivaa, ni ahadi kwa aliye chini yake. Kivae bila haya, na kila kinapopanda, wadogo zako na wazidi kuwa salama mikononi mwako.