Mashavu ya Mchanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, aliye mlangoni aingie, maana hii naisema upesi, nikisita itanikwama kooni. Zamani, nyuma kabisa ya hizo zamani tunazozijua, palikuwa na kilima. Ndani ya kilima mashimo. Ndani ya mashimo panya buku, wale wakubwa, wenye vifuko ndani ya mashavu vya kubebea chakula.

Basi panya buku wa kilima kile walikuwa na desturi yao. Hakuna kutoka shimoni na mashavu matupu. Ukitoka, uwe umeyajaza kokwa, yatune, yatanuke, kila mtu aone kwamba kwako kumejaa. Na hakuna kusema kilichomo ghalani. Hakuna kuuliza. Wawili wakikutana njiani, huyu anasema, "Mmh?" Yaani, ndani kukoje? Na yule anajibu, "Mmh." Yaani, kumejaa. Basi. Kutwa kilimani ni hivyo tu. Mmh? Mmh. Mmh? Mmh.

Msicheke. Desturi ile haikuanza bure. Alikuwapo buku mmoja akiitwa Chande, alipenda kusimama njiani akahesabu mali yake kwa sauti. "Mimi kwangu kokwa mia mbili, njugu sijui ngapi, mbegu za maboga zinanifika magotini." Kumbe nyasini amelala Kicheche. Kicheche hali kokwa. Kicheche anamla aliyekula kokwa akanona. Siku ya pili shimo la Chande li wazi, ndani kimya, yeye hayupo, mkewe hayupo. Kuanzia siku hiyo kilima kizima kikafunga mdomo.

Sasa alikuwapo mama mmoja kijana, Siwema. Uzazi wake wa kwanza, watoto wanne, macho hayajafunguka. Mumewe Kombo. Siku ya harusi mama mkwe alimkalisha Siwema akamwambia, "Mwanangu, ghala ni la mume. Wewe kula unacholetewa." Siwema akasema ndiyo, mama. Angesema nini?

Kombo akaziba mlango wa ghala kwa udongo. Kila asubuhi anafungua kidogo, anaingiza mkono, anatoa fungu la siku, anaziba. Kokwa tano. Siku zikaenda, kokwa nne. Zikaenda, tatu.

Siwema akauliza. "Baba watoto, kimebaki kiasi gani?"

"Kipo."

"Kipo kiasi gani?"

"Kipo, mama watoto. Mbona unanichimba?"

Kesho yake mbili. Siwema akamtazama, Kombo akatazama ukuta. Keshokutwa moja, na hiyo moja inanuka ukungu.

Na watoto wananyonya. Wananyonya, wanavuta, wanaachia, wanalia. Yule mdogo kabisa, wa nne, aliacha hata kulia, anafungua mdomo tu hakitoki kitu. Siwema akatoka mpaka mlangoni apumue. Akaona nini? Majirani wanapita, mashavu kama maboga. Mmh? Mmh. Akarudi ndani mbio. Akasema moyoni, ni mimi peke yangu. Kilima kizima wanakula, ni mimi peke yangu. Akamgeuza mdogo, akamhamisha ziwa hili akampa lile. Akatoka tena. Akarudi tena. Hakai.

Asubuhi moja akamkuta Kombo amechutama mlangoni. Anachota kitu kwa viganja, anatia mdomoni. Anachota, anatia. Siwema akasogea akaona. Ni mchanga.

"Unafanya nini, Kombo?"

Kombo hawezi kujibu, mdomo umejaa. Akainuka, akapanguza masharubu, akatoka zake. Siwema akasikia huko nje jirani, "Mmh?" na Kombo, "Mmh."

Siwema hakungoja. Akaenda ghalani. Kwaru, kwaru, kwaru, akakwangua ule udongo kwa kucha mpaka ukaanguka, akatia kichwa. Akasikia, ti. Ti. Ti. Maji. Yanatoka chini, kwenye ufa mdogo wa sakafu, na kokwa zote zimelala ndani ya maji hayo, nyeusi, zimevimba, zimeota manyoya meupe. Akachambua moja moja. Nzima alipata saba.

Kombo aliporudi alimkuta mkewe amekaa pale pale, kokwa saba mapajani. Akatema mchanga wake pembeni. Akakaa.

"Tangu lini?" Siwema akauliza.

"Tangu siku uliyojifungua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Umelala na watoto wanne, unanitazama kana kwamba hakuna mume mwingine duniani mwenye ghala. Nikasema nitapata kingine kabla hajajua. Kila siku nasema kesho. Mwenzio nimezunguka mpaka kucha zimeisha."

"Twende kwa majirani."

"Tukaseme nini? Kwa Bi Shemsha, mwenye mashavu yale? Watatucheka mpaka masika. Na Kicheche akisikia?"

"Kicheche atafuata nini hapa, mifupa?"

"Siwema, jali jina langu basi."

"Jina lako halinyonywi, Kombo."

Akainuka. Lakini mnajua hofu ilivyo. Kufika mlangoni, mkono wenyewe ukachota mchanga, akajaza mashavu. Akatoka. Akaenda hatua kumi, akarudi. Akaenda hatua ishirini, akarudi. Akasikia mtoto mmoja analia kule ndani. Mmoja tu, na wao ni wanne. Akaenda mbio, hakurudi tena.

Bi Shemsha alikuwa jirani wa upande wa juu, mtu mzima, mjane. Mwezi ule alikuwa amezika mtoto wake wa mwisho, alisema homa. Alikuwa kasimama mlangoni mashavu yametuna. "Mmh?" akamsalimu.

Siwema hakujibu. Akampita, akaingia mpaka katikati ya nyumba ya watu, akavuta jani la mlango akafunga. Kisha akainama, pwaa, akatema mchanga wote sakafuni.

"Bi Shemsha, nisamehe, nimekuchafulia, lakini sina kitu, nimebakiwa na kokwa saba, ghala limeingia maji, mume wangu ananificha, na mimi nimewaficha watu, nimetembea na mchanga mdomoni kama mwendawazimu, maziwa yamekauka, yule mdogo hata halii tena, kama una chochote nikopeshe, na kama utanicheka nicheke sasa hivi nikuone, lakini nikopeshe."

Bi Shemsha akamtazama. Akautazama ule mchanga sakafuni. Akainama polepole kama mtu anayeumwa mgongo, na yeye, pwaa. Mchanga. Umekaa mdomoni mpaka umelowa.

"Mwanangu hakufa kwa homa," alisema.

Siwema akakaa chini.

"Siku mbili kabla," Bi Shemsha akasema, "ulipita hapa mlangoni. Mashavu yamejaa. Nikajiambia, kwa Siwema kipo, nimwite. Nikaona haya. Mtu mzima kama mimi nimuombe binti wa juzi? Ulikuwa na kokwa kweli siku ile, au mchanga?"

"Kokwa. Tatu."

"Tatu."

"Ungeniuliza ningekupa, Bi Shemsha."

"Ungenipa?"

Siwema akafikiri. "Sijui," akasema.

"Angalau umesema kweli." Bi Shemsha akajipangusa mdomo. "Kwako maji yameanza lini?"

"Nilipojifungua. Siku saba baada ya mwezi kuandama."

"Kwangu siku ile ile mwezi ulipoandama."

Wakatazamana. Kwa Bi Shemsha ni juu, kwa Siwema ni chini yake kidogo. Maji yanashuka. Kumbe si mkosi wa mtu, wala uvivu wa mume wa mtu. Ni maji mamoja yanapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inajifungia ndani, inasema ni mimi peke yangu.

"Anayetufuata huko juu ni nani?" Siwema akauliza.

"Bwana Pandu. Lakini huyo na maringo yake hasemi."

"Twende."

Wakaenda. Safari hii mashavu matupu, wamebaki na nyuso nyembamba, watu njiani wanageuka wanawatazama kama wametoka uchi. Wakafika, wakafunga mlango, wakamweleza Bwana Pandu yote. Bwana Pandu akasimama wima, mashavu hayo, akatikisa kichwa. Akapiga tumbo kwa kiganja, yaani, mimi kwangu kumejaa, mimi siulizwi.

"Basi tema tuone," Bi Shemsha akasema.

Bwana Pandu akafumba mdomo kabisa.

Sauti ya mkewe ikatoka chumbani, imechoka. "Tema, mume wangu. Jana umelala nao mdomoni, umekoroma kama kinu."

Pwaa.

Kwa Bwana Pandu maji yalianza siku tano kabla ya mwezi kuandama. Basi wakapanda, nyumba moja zaidi, na nyingine, kila mlango wanafunga, wanasema yao kwanza ndipo wanauliza. Pwaa. Pwaa. Wengine walilia. Mmoja aliwatukana, akafunga mlango, kisha akawafuata nyuma anakimbia. Mpaka wakafika kileleni, kwa Fuko.

Fuko ni yule mchimbaji asiyeona vizuri. Alikuwa amechimba njia yake mpya, imepita chini ya chemchemi, na maji yakaona pa kupita.

"Una wazimu?" Siwema akamwambia. "Umetumaliza, baba."

Fuko akageuza pua huku na huku. "Mimi? Mbona hakuna aliyekuja kulalamika? Nilipoona njia yangu inaingia maji nikatoka nikaenda kuwatazama. Macho yangu mabovu, lakini mashavu niliyaona. Yamejaa, nyumba zote. Nikasema, ah, haijawadhuru."

Wakamwambia awaonyeshe hiyo njia.

Wakaziba. Kutwa nzima wanabeba udongo wa mfinyanzi, Fuko mbele, Kombo naye alikuja, aibu imemjaa lakini alikuja, akachimba kuliko wote pamoja na zile kucha zake zilizoisha. Bi Shemsha alibeba bila kupumzika. Aliyetaka kumpa pole alimpa pole, yeye akasema shika huku, inua.

Na kule chini ya kwa Siwema zilikuwako nyumba nne ambazo maji hayajafika. Siwema akawakimbilia, akagonga, akasema, yanakuja, toeni akiba yenu mpandishe juu leo. Wakatoa. Ikaonekana mchana kweupe, kila mtu akaona nani ana nini. Hapo ndipo wengi waligeuka kutazama nyasini. Nyumba tatu zikasema, tutawakopesha, kila mwenye watoto kokwa kumi, mtarudisha msimu ukija. Nyumba ya nne ikasema, chetu ni chetu. Ikapandisha akiba yake peke yake, ikaziba mlango. Walimwacha mwenye nyumba hiyo. Hawakumpenda, lakini walimwacha, na hakuna aliyemtaja kwa Kicheche.

Maana Kicheche alikuja, msidhani hakuja. Alipita kesho yake njiani, mpole, anapunga mkia. "Jamani, nasikia mna shida ya chakula. Nani amebakiwa na kitu, nimsaidie kulinda?"

Wale waliokuwa wameambiana kila kitu jana yake walimtazama. Bi Shemsha akamjibu, "Mgeni, ya kwetu tunaambizana sisi. Wewe umezaliwa nyumba ipi hapa?" Kicheche akangoja. Hakuna aliyeongeza neno. Akaenda zake.

Siwema yeye hakuwa njiani. Alikuwa shimoni, amekula kokwa nne tangu jana, Kombo amemwekea nyingine mbele yake zote wazi, zihesabike. Watoto watatu walikuwa wanavuta, maziwa yanakuja machache, wanagombana. Yule wa nne alikuwa amelala tu. Siwema akamweka kifuani. Akakamua tone, akampaka mdomoni. Hakumeza. Akampaka tena. Kombo amesimama anauma ukucha. Akampaka tena. Halafu kile kidomo kikafunga, kikavuta. Kikaachia. Kikavuta tena, na safari hii hakikuachia.

Sasa nisikilizeni, mafunzo yake ni haya, nayasema wazi nisifichefiche. Usisimame njiani ukatangaza ulicho nacho, maana njiani Kicheche yupo. Lakini mnaolala chini ya dari moja, ambianeni kilichopo na kisichokuwapo, mume amwambie mke na mke amwambie mume, kwa hesabu, si kwa "kipo". Na jirani ambaye mmepakana naye ukuta, ingieni pamoja, mfunge mlango, mzungumze, na mseme mapema, mtoto akiwa bado ana nguvu za kulia. Anayeona haya zaidi ndiye aanze, kwa sababu akingoja mwenzake aanze, na mwenzake anamngoja yeye.

Nami nilichokuwa nacho nimekitoa chote, hadithi imekoma hapo.